Samadi Iliyokwenda Ngoingwa

Mwaka wa hamsini na saba, wiki moja kabla ya mvua ndefu, Dalmas Opiyo alipita Ruiru na mkokoteni wake wa punda akaona boma la Waithira limejaa samadi mpaka magotini. Wapita njia wengine walinusa mavi. Dalmas alinusa mtamba.

Mkokotenini alikuwa na gunia moja la mbolea ya kizungu, ile nyeupe ya dukani, alilolipata kwa kutoa baiskeli yake. Gunia hilo lisipomzalia ng'ombe, basi atatembea kwa miguu hadi uzee.

"Hujambo, mama," akasema, kofia mkononi. "Hujasikia? Samadi na mbolea ya kizungu ni wake wenza. Jirani akitia ile nyeupe na hii yako iko karibu, zitapigana chini kwa chini, mahindi yakauke. Lakini mimi nitakuondolea bure."

"Bure kabisa?"

"Kuku mmoja tu, wa kuwatuliza punda."

Sasa wewe unayesoma, niambie ni punda gani aliyewahi kutulizwa na kuku. Waithira hakuuliza. Alimkamata jogoo mzee aliyesahau kuwika, akampa.

"Kitendawili, baba," Waithira akasema.

"Tega."

"Ng'ombe alikitupa, shamba likakiokota likanenepa."

Mtaalamu wetu wa mbolea alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Mvua?"

"Nipe mji."

"Nakupa Thika."

"Thika nimepokea. Jibu ni hiyo samadi unayoikanyaga. Huko Ngoingwa kuna mama anaitwa Njambi. Shamba lake limechoka, linatoa magunzi kama kidole gumba. Na mtamba anao. Nitakuandikia barua asije akakuogopa."

Barua iliandikwa kwa Kikuyu, na Dalmas hakujua hata neno. Lakini barua ni barua, akaitia mfukoni kama cheti. Waithira mwenyewe hangeweza kwenda. Siku zile za hali ya hatari ya wakoloni, Mkikuyu alitakiwa awe na pasi hata kwa safari ya kumwona mwanawe. Dalmas, Mjaluo, alijaza samadi mkokotenini akapita kizuizini akiwapungia askari mkono.

Njambi aliisoma barua, akaikunja, akaificha kifuani.

"Samadi na mbolea ya kizungu ni mume na mke," Dalmas akaanza, maana njiani zilikuwa zimeoana. "Ile nyeupe inaamsha mbegu upesi, lakini haikai. Samadi ni mzito kuamka, lakini ndiye anayetunza nyumba, anashika maji, udongo unalainika. Ziweke shimo moja uone mahindi. Nipe mtamba tu, zote mbili ni zako."

Na hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa anasema ukweli mtupu.

"Mtamba ni yule pale," Njambi akasema. "Lakini ndoa kama hiyo sijawahi kuiona. Nionyeshe."

Dalmas akachimba. Viganja viwili vya samadi, kijiko cha ile nyeupe, udongo kidogo juu yake ndipo mbegu, isije ikaungua.

"Mstari huu nimeelewa," Njambi akasema. "Ule wa pili una mawe. Huko inakuwaje?"

Akamwonyesha. Ule wa tatu una mteremko. Wa nne uko kivulini. Siku mbili alifundisha, shati limemgandia mgongoni, mtamba akimtazama na kucheua. Shimo la mwisho lilipofukiwa, gunia lilikuwa tupu na mvua ikaanza.

"Sasa mtamba wangu, mama."

Njambi akatoa barua, akamsomea kwa Kiswahili. "'Mwanangu, hatimaye nimepata wa kukuletea samadi yetu. Ana punda, ana mbolea, na anapenda sana kufundisha. Mpe jembe. Chakula usimnyime.'"

Dalmas alikaa juu ya mkokoteni. Akasema, "Basi nirudishie mbolea yangu."

"Chukua, baba. Mashimo unayajua kuliko mimi."

Akamletea githeri, mahindi na maharage, sahani imejaa. Akala, maji ya mvua yakimtiririka kwenye kofia.

"Mama ana dada yake huko Kalimoni," Njambi akasema. "Boma lake nalo limejaa. Nikuandikie barua?"

Dalmas alitafuna, akameza.

"Huyo dada," akauliza, "githeri yake hutia viazi?"