Mtoto wa Kwenye Chupa ya Tabasamu

Jumatatu, 4 Agosti

Wameniuza tena. Nimesoma gazetini, ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo la magodoro. Soda ya Tabasamu imepata mmiliki mpya, kampuni ya ng'ambo, na lebo itabadilishwa. Yule mtoto mwenye mwanya anaondolewa.

Yule mtoto ni mimi. Sijisifu, ni historia tu. Marehemu mama alikuwa akiweka chupa mezani, ananionyesha picha, ananiambia huyu ni wewe. Na mama hakuwa mtu wa utani.

Mwanzoni soda ilikuwa ya bwana mmoja mwenye duka la dawa. Aliipika nyuma ya duka kwa ajili ya waliovimbiwa. Enzi hizo nilijaa lebo nzima, kuanzia kifuani hadi utosini. Alipofariki, wanawe wakagombana, wakawauzia watu wa bia. Watu wa bia wakanikata, nikabaki kichwa. Kisha wakanunua watu wa sabuni, nikawa kama kifungo cha shati. Sasa nang'olewa kabisa. Katika yote hayo, hakuna hata mmoja aliyekuja kubisha hodi kwangu.

Kesho naanza kudai changu. Robo ya kampuni itatosha. Sina tamaa.

Chakula cha jioni: mkate. Nimehamia kiti cha upande wa pili wa meza. Nimeona ukuta mwingine.

Jumanne, 5 Agosti

Kiwandani. Mlinzi wa getini aliuliza nina miadi na nani. Nikamwambia mimi ndiye mwenye mali, kwa namna fulani. Nikatabasamu kama kwenye lebo, kichwa kimeinama kidogo, mwanya wote nje. Akanitazama kwa huruma, akanielekeza kwa daktari wa meno, mtaa wa pili, mkabala na kituo cha mafuta.

Sikuondoka. Nilisimama pale nikitabasamu, malori ya kreti yakipita, mpaka mashavu yakauma. Dereva mmoja akanipungia mkono. Nikampungia kwa mikono yote miwili. Sikumbuki mara ya mwisho kupungiwa mkono. Ni ushahidi tosha kwamba sura inatambulika!

Jumatano, 6 Agosti

Nahitaji lebo ya zamani, ile ya kifuani hadi utosini. Aliyenayo ni mmoja tu: kinyozi wa mtaani kwetu. Ameibandika kwenye kioo chake, na miaka yote hii anawaambia wateja kwamba yule mtoto ni yeye. Mwongo mkubwa. Mwanya anao, lakini kila mtu anajua aliupata kwa kuanguka na baiskeli.

Nikaenda kujifanya mteja wa kunyoa ndevu. Mpango: akienda kuchukua maji ya moto, mimi nabandua. Alipomaliza shavu la kulia akaenda, na mpango ulikwenda vizuri mpaka pembe ya kwanza. Akarudi ghafla, wembe mkononi, akauliza nafanya nini. Nikasema naua inzi. Akasema inzi gani anauawa kwa ukucha. Maneno yakapanda. Nikamuuliza tangu lini mtoto akawa na paji la uso kama lile lake. Nikatoka na taulo lake shingoni.

Sasa nimenyolewa nusu. Upande wa kulia bwana harusi, upande wa kushoto mfungwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshinda ndani, kwa sababu ya ndevu. Wembe wangu umeota kutu. Nilizungumza na nafsi yangu kidogo, nikajibishana, nikashindwa hoja.

Nikampigia simu binti yangu. Mama yake alikwenda kwake kumsaidia kulea mjukuu kwa miezi michache. Mjukuu sasa anasoma shule. Nikamwambia binti kwamba tunakaribia kuwa watu wengine kabisa. Akauliza kama nimekula. Nikamweleza habari za hisa. Akauliza tena kama nimekula. Kisha akasema nihamie kwao, kuna chumba. Nikamjibu siwezi kuacha mambo yamefika pabaya, maana yake pazuri. Nikamsikia mke wangu kwa mbali akiuliza ni nani. Binti akamwambia ni baba. Kisha nikapewa salamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata wazo kubwa! Mchoraji wa lebo bado yu hai. Ndiye aliyewachorea wote: wa dawa, wa bia na wa sabuni. Anaishi na mpwa wake nyuma ya karakana ya mbao. Aseme yeye alimchora nani.

Mara hodi. Kinyozi. Eti amefuata taulo lake, na kama sijali animalizie ndevu. Wema wa namna hii una lake jambo. Nikamwambia abaki na wembe wake, kesho mchoraji ataamua. Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Akasema basi tutakwenda wote.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulikwenda, kila mmoja na upande wake wa barabara.

Mchoraji ni mzee, macho yamefifia, lakini mkono bado hautetemeki. Tukasimama mbele yake, tukatabasamu kwa pamoja, vichwa vimeinama. Akamuuliza mpwa wake kama tunauza dawa ya meno.

Nikaeleza shauri langu, kinyozi akaeleza lake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema bwana wa duka la dawa alimtaka mtoto mwenye furaha, na alimtaka kabla ya jioni. Mtoto hakuwapo. Ukutani palikuwa na kalenda ya maziwa ya unga, yenye picha ya mtoto. Akamchora huyo.

Nikauliza habari za mwanya.

"Rangi nyeupe iliniishia," akasema.

Mpwa wake akatuletea chai. Tukanywa. Chai ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Kurudi tulitembea upande mmoja. Karibu na kwetu kinyozi akasimama.

"Nilikuwa mgumu wa kula," akasema. "Mama alikuwa ananiwekea ile chupa mezani. Ananiambia, huyu ni wewe, na anacheka kwa sababu amemaliza sahani yake. Wewe mama yako alikuambiaje?"

Niliona mkono wa mama, kidole kwenye chupa, uji unapoa. Kisha nikapata jibu, nikamwambia inaonekana mama yake alimwiga mama yangu.

Kinyozi akacheka, nikamwacha acheke peke yake. Akasema tangu mkewe afariki hajajua kupika kidogo, kila akipika kinabaki. Kesho mchana niende tule, na ndevu zenyewe anaona aibu kuziangalia. Nikasema nitaona.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Wale wawili wamenifungua macho bila wao kujua.

Kalenda! Picha ya kalenda hupigwa kwa kamera, na kamera haipigi mtoto asiyekuwapo. Kwa hiyo alikuwapo mtoto. Mtoto wa maziwa ya unga. Nami nililelewa kwa maziwa ya unga, mama alilalamika habari za makopo yale mpaka nikaoa. Iko wazi kama mchana. Soda ni makombo, mali yenyewe iko kwenye maziwa! Kesho alfajiri niko kwenye geti lao.

Hatari ni moja: kinyozi naye ana akili. Ningekaa naye mezani, ningeropoka.

Mchana akaja. Akagonga. Nikasimama nyuma ya mlango, pumzi nimeibana. Akagonga tena. Akasema chakula kinapoa. Akakohoa, akasubiri, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, hakiendi. Halafu kikaenda, polepole.

Nimemshinda! Hajui lolote. Mkate umeisha, lakini haidhuru, nina kazi. Nimeshinda mbele ya kioo nikijifunza kucheka kama mtoto aliyeshiba.