Oili ya Kumpokea Agathe

Jumatatu, 10 Novemba 2003

Thornton Heath, London. Mvua. Zimebaki siku tano. Jumamosi saa tisa alasiri mke wangu Agathe atatua Heathrow na binti yetu Gloire, baada ya miaka sita. Nilipowaacha Bukavu, Gloire alikuwa hajamaliza kuota meno. Viza wamepata, tiketi wanazo, na mimi nina gari.

Gari ndilo jambo kubwa. Kwenye simu nimemsimulia Agathe habari za gari hili kwa miaka miwili. Nimelipata Septemba. Hilo halimhusu.

Jana baada ya ibada Aristide, kiongozi wa kwaya, alitangaza mbele ya watu kwamba yeye atakwenda kumpokea Mama Gloire kwa gari lake, kwa kuwa langu limechoka. Limechoka! Nikamwambia asante, hapana. Kwetu mwanamke anayemfuata mumewe hapakiwi kwenye gari la mwanamume mwingine. Watu wangeongea mpaka Pasaka.

Leo nimeanza matayarisho. Nimetoka kazini, nimeegesha kwenye mteremko mbele ya nyumba, nimezima injini na papo hapo nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu karibu chote. Nimemimina lita moja. Nimepima hapo hapo. Bado. Lita ya pili. Oili imepanda kidogo, shingo upande. Nikaongeza nusu lita ya safari. Mjomba wangu Cosmas alikuwa na lori la maharagwe kati ya Bukavu na Uvira, na kabla ya milima ya Ngomo alikuwa akijaza oili mpaka inachungulia. Lori lile lilivuja kama kikapu, lakini halikuwahi kufa njiani. Gari langu halivuji hata tone. Kwa hiyo litafaidika mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Moshi. Wa buluu. Nilikuwa naelekea Hayes, ninakosafisha ghala. Kila taa nyekundu, wingu linanifunika mimi na walio nyuma yangu. Mama mmoja alipandisha vioo akanitazama kana kwamba nimeua mtu. Nilipotoka kazini, chini ya gari kulikuwa na dimbwi jeusi.

Nikapita kwa Harish. Ni Mhindi wa Kisumu, ana gereji hapa karibu na barabara kuu, na Kiswahili chake kinanishinda. Akalisukuma gari mpaka kwenye sakafu iliyo sawa, akangoja tukanywa chai yote, ndipo akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Akaniuliza nilipimia wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza kama nyumbani ni tambarare. Nikasema ni nyumbani.

Alinieleza polepole, kama daktari na mgonjwa. Injini ikizimwa, oili inataka muda wa kushuka. Ukipima haraka utadanganyika. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini vinaifikia na kuipiga kama mayai ya keki. Inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Nyingine inasukumwa nje kwa kila upenyo, nyingine inaungua. Ndio huo moshi.

"Ndugu yangu, bado hujaharibu kitu," alisema. "Niachie niipunguze leo. Ukiliendesha hivi hivi, utaiua injini."

Ningekubali. Lakini pale uani, nani alikuwa ameleta gari lake kufanyiwa huduma? Aristide. Akisikia yeye, kwaya nzima imesikia. Nikasema nitapunguza mwenyewe.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimewapigia kazini kwamba naumwa. Mpango: mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti, kunyonya kwa mdomo, oili ishuke yenyewe kwenye ndoo. Nikanyonya. Haikuja. Nikanyonya kwa nguvu zote. Ikaja.

Matokeo: nusu kikombe ndooni, kiasi kisichojulikana tumboni. Kufikia alasiri sikuwa tena nimewadanganya kazini.

Agathe amepiga simu. Aliuliza kama London kuna baridi, na kama kweli nitakuwepo. Nikamwambia mlango ukifunguka ataniona mimi kabla ya kitu kingine chochote. Sauti yake ilikuwa ya woga. Nimekuwa na huzuni tangu hapo. Miaka sita ni mingi. Sijui kama bado anacheka vile alivyokuwa akicheka.

Ijumaa, 14 Novemba

Ushindi! Nimeinua gari kwa jeki na kuingia chini na spana. Kuna nati mbili. Moja imejaa uchafu na imekaza kabisa. Nyingine ililegea mara moja, nikaona hiyo ndiyo yenye nia njema. Oili ikatoka safi, rangi ya asali, haina hata dalili ya kuungua. Harish na povu lake! Nimeikinga kwenye beseni la kufulia: lita mbili na kitu, karibu sawa na nilizozidisha. Kisha ikakoma yenyewe. Injini imejua pa kuishia.

Nimepima. Kijiti bado kinaonyesha juu kabisa. Kwa hiyo kijiti ni kibovu. Nimekirudisha mahali pake na sitakisikiliza tena.

Jumamosi, 15 Novemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Suti. Maua. Nimeondoka saa sita kamili. Gari lilikuwa na sauti mpya, kama mtu anayesaga mawe. Nikaongeza sauti ya redio. Kabla ya daraja la Kew gia ya tatu ikakataa, kisha ya pili. Moshi ukaja, taa nyekundu ya oili ikawaka, kitu kikagonga mara nne ndani ya injini. Kimya. Nyuma yangu London nzima ilipiga honi.

Ningempigia Aristide. Simu ilikuwa mkononi. Nilikaa na simu hiyo nusu saa nzima nikitazama jina lake, na saa ya ndege ikikaribia. Kisha polisi wakaja, wakanisaidia kulisukuma gari pembeni, wakataka karatasi zake zote. Nikapanda basi, nikapotea, nikapanda treni. Nilifika saa kumi na moja na nusu. Mlango wa wasafiri ulikuwa unatoa watu wa ndege nyingine.

Nilisubiri, maana huwezi kujua. Mfagiaji mmoja akanieleza kwamba mama mmoja mwenye mtoto alisimama pale saa nzima na zaidi, kisha wakaja watu wanaoimba wakamchukua.

Aristide alikuwa amewaleta wanakwaya kutuimbia sote, iwe mshangao. Niliwakuta mbele ya nyumba yangu, ndani ya gari lake, maana ufunguo ninao mimi. Agathe amekonda. Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kushuka. Gloire alinipa mkono na kuniita monsieur, yaani bwana, kana kwamba mimi ni mwalimu wake. Nilimpa Agathe maua. Yalikuwa yamekaliwa na mtu kwenye treni.

Jumatatu, 17 Novemba

Gari limevutwa mpaka kwa Harish. Injini imekufa. Oili yote niliyozidisha bado imo. Kilicho kitupu ni giaboksi. Harish akauliza ni nani aliyemwaga oili ya giaboksi. Nikasema watoto wa mtaa huu hawana adabu. Akanitazama, akaenda kunawa mikono.

Nyumbani Agathe amepanga vyombo vyangu vitatu, akavipangua, akavipanga tena. Sijui nimwambie nini. Kwenye simu nilikuwa hodari.

Jumanne, 18 Novemba

Leo amesema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Baba Gloire, miye sikukuya juu ya motokari. Nilikuya juu ya weye."

Amekuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya gari. Nilitoka nikasimama kwenye mvua. Nililia kidogo, na siandiki zaidi kuhusu hilo. Kwa miaka sita hakuna aliyeniambia neno kama hilo.

Mwanamke wa namna hiyo hastahili gari dogo.

Kuna mzee mmoja huko Harrow anauza van. Viti tisa. Nimempigia, na kesho asubuhi ndiyo nafasi pekee. Agathe alitaka kesho twende sote watatu kumwandikisha Gloire shule, kwa miguu, mtoto akiwa katikati yetu. Nimemwambia aniwie radhi, safari hii tu, waende wenyewe. Akauliza watajuaje njia. Nimemwandikia kila kitu kwenye karatasi: basi gani, na kwamba washuke kituo cha nne. Au cha tano. Watauliza watu.

Ameikunja karatasi mara nne na kuiweka mfukoni. Naona amefurahi.