Mguu Uliosomea Breki

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha walimu. Mkurugenzi wa shule yetu ya udereva ametangaza somo jipya: kuendesha milimani. Atakayeliongoza awe amewahi kuendesha mlimani mwenyewe. Gia Tano, mwalimu mwenzangu anayesema haraka kuliko anavyofikiri, akaonyesha picha yake juu ya kilima fulani. Kilima chenyewe, hata kichuguu kinakishinda. Nikasimama. Nikasema likizo hii naenda nje ya nchi, kuendesha peke yangu kwenye makorongo na milima ya theluji. Nilipoinuka sikuwa na mpango huo. Ulimi hauna mfupa.

Lakini nafasi hiyo naitaka, tena sana. Miaka kumi na minane nimekaa kiti cha kando nikitazama watoto wa watu wakiunguza klachi.

Mama watoto akauliza mara ya mwisho niliendesha lini. Nikamwambia kila siku, ndiyo kazi yangu. Akasema kukaa si kuendesha. Kweli, kazini hunipeleka yeye, ila ni kwa sababu nimechoshwa na magari. Akataka twende wote. Nikakataa. Peke yangu ni peke yangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimefika. Mwenye magari ya kukodi akanikabidhi ufunguo. Kwa mazoea nikaenda mlango wa kushoto, nikaketi kiti changu cha kazi. Lo, usukani uko hapo hapo! Magari ya huku yako kinyume na yetu. Nikajiona mteule. Nikakaa dakika nzima nikimsubiri mwanafunzi awashe.

Nikajiagiza kwa sauti: angalia kioo, washa indiketa. Zikawaka waipa. Nimepita mji mzima nikipangusa jua.

Jumatano, 12 Juni

Korongo. Wanasema kuta zake ni nyekundu na mto uko chini kama uzi. Sijui. Nilikuwa natazama kiatu changu.

Tatizo ni hili. Kwenye gari la mafunzo, upande wa mwalimu una pedali moja tu, breki ya kuokolea maisha. Mguu wangu umesomea breki miaka kumi na minane na haujui kazi nyingine. Kilomita kumi na moja za mteremko, haukunyanyuka. Lori la ng'ombe likanipita. Ng'ombe wenyewe walinitazama kwa huruma.

Moshi ukaanza. Nikafurahi, maana kijitabu cha watalii kilitaja chemchemi za maji moto. Nikashuka, nikapiga picha, nikamtumia mkurugenzi: mvuke wa volkano, niko karibu kabisa. Kisha nikaona volkano iko kwenye tairi la mbele.

Nikampigia mwenye magari. Fundi aliyemtuma ni mama wa makamo, kavaa ovaroli, mikono myeusi kwa grisi. Kwa maneno ya kuokoteza na vidole akaniuliza dereva yuko wapi. Nikageuka kumtafuta.

Alhamisi, 13 Juni

Breki zimepona. Fundi amekataa kunirudishia usukani mpaka mteremko uishe. Akanieleza kwamba mteremkoni unatumia gia ndogo, hukai juu ya breki. Hilo ni swali la tisa kwenye mtihani wetu. Nimelitunga mimi.

Nikakaa kando. Nikakanyaga zulia mpaka likakunjamana. Baadaye mguu ukatulia, nikainua macho. Jamani. Kuta nyekundu kwelikweli, nyuma yake theluji, na maporomoko yakishuka bila haraka. Machozi yakanitoka. Nikatamani mama watoto angekuwapo, nikaona aibu kwamba nilimnyima. Nilipaswa kulifikiria zaidi jambo hilo, lakini nikakumbuka simu.

Nikarekodi barabara, usukani, na sauti yangu ikiagiza gia ya pili, taratibu, hapo hapo, vizuri sana. Mikono ya fundi imeonekana, hakuna namna. Nikamwandikia mkurugenzi kwamba sifa zangu zimefika hadi huku, nimeombwa kufundisha, na huyu ni mwanafunzi wangu wa siku moja.

Jumatatu, 17 Juni

Kikao. Video ikaonyeshwa ukutani. Kona kumi na saba, gari halikuyumba hata mara moja. Gia Tano akaificha picha ya kilima chake chini ya daftari. Nikarekebisha tai.

Mkurugenzi akasema ananijua miaka kumi na minane na sijawahi kumtoa mwanafunzi wa namna hiyo. Basi ni moja kati ya mawili: ama mwanafunzi huyu ana kipaji cha ajabu, ama mwanafunzi nilikuwa mimi. Vyovyote vile, akaomba namba ya simu ya huyo aliyeshika usukani.

Nikaitoa, ilikuwa kwenye risiti ya breki. Ningefanyaje? Fundi anakuja mwezi ujao kuongoza somo la milimani. Mimi na Gia Tano tutambebea koni za kupangia njia.

Iliniuma, sifichi. Pale pale kitini nikajiapiza kwamba mdomo wangu hautanitia aibu tena. Mkurugenzi akafunua karatasi ya pili, akasema kuna somo jingine halina kiongozi: pikipiki. Gia Tano akaanza kusafisha koo. Nikamwahi. Nimewaambia nina uzoefu mkubwa, nimewahi kuvuka jangwa.

Pikipiki nimeipanda mara moja. Nilipakiwa.

Jioni nimemuuliza mama watoto, kwa kuzungukazunguka, eti pikipiki inawashiwa wapi. Akaweka mwiko chini, akaniuliza nimesema nini tena kikaoni.