Malalamiko Kuhusu Programu Iliyonipokonya Karata Zangu

Kwa Mheshimiwa Mtengeneza Programu, ambaye kabla ya uheshimiwa huo alikuwa mjukuu wangu na mume wangu mdogo,

Salamu sikupi mpaka nimalize kukugombeza. Umepotea mpaka kiti chako kimezoea kukaliwa na kapu la nguo. Unapiga simu, ndiyo, lakini simu haili, haiogi, wala hainiinulii godoro nikitaka kufagia uvunguni. Mume gani wewe, mume wa sauti tu? Anayeniandikia barua hii ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ananiambia nipunguze ukali. Nimemjibu ashone herufi tu, mdomo ni wangu.

Sasa shauri lenyewe. Unajua kila mwaka ukianza watu wa mtaa huu huja mezani kwangu niwafunulie karata za taroti, zile za kutabiria, moja kwa kila mwezi. Na wewe ulikuwa wa kwanza mlangoni. Mwaka huu ukatengeneza programu ya simu inayofanya kazi hiyohiyo, ukaitupa kwenye kundi la simu la mtaa, ukasema ni zawadi ya kumpumzisha bibi. Nani alikwambia nimechoka? Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Programu yako haina adabu. Haimwulizi mtu kaamkaje wala kala nini. Kubonyeza tu, karata hizo! Kwangu mtu hafunuliwi hata moja kabla hajamaliza chai na kuniambia nani kamuudhi. Akishasema yote, karata inakuwa imeshajua pa kuangukia.

2. Haijui kuficha. Karata ya Mauti mimi huikalia. Naiweka chini ya paja mgeni anapobisha hodi, na haijamtokea mtu kwenye meza yangu tangu mama yako akiwa ananyonya. Yako imemtolea mama wa saluni, mwezi wa pili. Eti maelezo yanasema maana yake ni mabadiliko. Nani husoma maelezo akishaona fuvu? Sasa anamuaga kila mteja. Anasuka huku analia, na mistari inakwenda upande.

3. Mwashi kapata Mnara unaoporomoka. Mtu anayejenga kuta! Amekataa kupanda ngazi, anapiga lipu mwisho pale mkono wake unapofika. Nyumba ya mwalimu imebaki kama mtu aliyevaa suruali akasahau shati.

4. Mzee wa duka la baiskeli, yule mgane, kapata Wapenzi. Amepaka nywele rangi, na asubuhi na jioni anapita dirishani kwangu akipiga kengele. Ningemfunulia mimi ningempa Mtawa mwenye taa, akatulia kwake. Hili nalifikisha kwako kama mume: mali yako inapigiwa kengele.

5. Hili ndilo linalonichoma. Siku ya karata nilitandika kitambaa, nikapanga vikombe, nikakaa. Hakuja mtu. Wote walikuwa vibarazani mwao, vichwa chini, wanabonyeza. Na wewe nilipokupigia ukaniambia, bibi, mimi nimeshajitazamia kwenye basi. Kwenye basi! Mwaka mzima wa mjukuu wangu umefunuliwa na mimi sikuwepo. Nitajuaje kama umekonda? Nitajuaje kama unacheka kwa kweli au unanichekea tu simuni?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, programu iletwe kwangu ianze uanagenzi, na ianze kwa kufagia. Ifundishwe kusema pole. Ifundishwe kukalia Mauti. Kama haina paja, itafutiwe. Na yeyote akitaka kujua mwaka wake, ijifunge kabisa mpaka ihakikishe kwamba ameenda kumwona bibi yake uso kwa uso. Asiye na bibi aazimwe mimi.

Nisipojibiwa nitaipeleka mahakamani nikiivuta sikio, na hakimu nitamfunulia karata palepale kizimbani. Siku hiyo Mauti sitaikalia.

Sasa salamu unaweza kuzipokea. Wasalimie wote kwako, na huyo bosi anayekunyima likizo msalimie pia, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi bibi yako mzaa mama, mkeo wa kwanza, na talaka sipokei.

Nyongeza, wiki moja baadaye, barua bado haijatumwa: Usije ukaifuta hiyo programu! Fundi cherehani kaniwekea kwenye simu yangu. Picha zake ni kubwa na zinang'aa, si kama karata zangu zilizolika pembe. Watu wamerudi, mpaka mwashi. Simu naishika mimi, wao wanabonyeza, picha inatokea, na kwa kuwa herufi sizijui, haiwezi kunibishia: nasema ninachotaka. Mama wa saluni nimemwonyesha fuvu linavyocheka, ameacha kulia. Ni kazi nzuri uliyofanya, mume wangu. Na wewe nakutazamia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Ikitoka mbaya, nabonyeza tena. Leo limetoka Gari, karata ya safari, bila kurudia hata mara moja, kwa hiyo shuka zako nimeshazifua, ziko kambani. Ukija usipite mlango wa mbele, kuna foleni na watakuweka mwisho. Zunguka jikoni, vua viatu, usiseme neno, simama penye mwanga nikutazame.