Halva ya Kitenzi cha Kupenda

Jumanne, 8 Aprili

Redio imenimaliza! Mtaalamu kasema kitenzi chetu cha Kialbania cha “kupenda”, ukikifuata nyuma maelfu ya miaka, huenda kilizaliwa na “kuonja”. Kuonja! Nikaelea. Mji wetu wa Elbasan wote ukawa ukungu, nami ndani yake, kijiko mkononi.

Maana Jumapili Sanije, yule mjane mshonaji, anavua nguo nyeusi za msiba na kurudi kwenye matembezi ya jioni. Atakayetembea ubavuni mwake, mji utamhesabu mchumba. Refik mpiga klarineti ameshapiga pasi suti. Nilipomweleza asili ya kitenzi, akaniambia, Tahsin ndugu yangu, mwanamke hatongozwi kwa kamusi. Hasidi mkubwa!

Jumatano, 9 Aprili

Basi Sanije lazima aonje kitu cha mkono wangu. Najua kupika halva tu, ile halua ya unga ya marehemu mama. Nimekoroga unga kwenye siagi mchana kutwa, dirisha wazi. Nikaota macho wazi: vitenzi vya kale vikatoka sufuriani, vizee vyenye kofia nyeupe, vikaketi kando ya jiko vikiulizana vilizaliwa wapi. Raha iliyoje!

Hodi. Majirani, wamevaa nyeusi! Wananong'ona, nani amefariki? Lo! Kwetu harufu ya halva ni tangazo la msiba, nami nimesahau. Wa kwanza kutoa machozi, Refik. Niseme ni posa, mbele yake? Thubutu! Nikamuua shangazi yangu wa Peqin.

Kisha Sanije akaingia. Akaonja. Vijiko viwili! Akanishika mkono, akasema, pole sana Tahsin, una mkono mtamu. Mtaalamu hakukosea!

Jumamosi, 12 Aprili

Shangazi kapiga simu. Hajambo kabisa. Anauliza halva yake iko wapi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimevaa, nimejipulizia manukato, natoka. Majirani wakanizuia mlangoni: mfiwa haendi matembezi kabla ya arobaini, we Tahsin huna haya? Nikarudi dirishani. Sanije kapita na gauni la buluu, Refik ubavuni. Sanije akanitazama kwa huruma. Imeniuma, wallahi. Nampenda yule mwanamke.

Nilikaa hapo mpaka taa za barabarani zikawaka, zikielea machoni. Ndipo nikakumbuka: Refik ana mjomba mzee huko Librazhd. Na ufunguo wa jiko la Refik hukaa chini ya chungu cha maua.

Siagi imebaki. Unga nitanunua kesho.