Venuste Afundisha Hesabu kwa Mchezo

Jumatatu, 11 Machi
Habari kubwa hapa Rubondo, kambini kwetu wakimbizi! Kituo kipya cha watoto wadogo kinatafuta mwalimu. Bwana Yonatani, msimamizi wa kituo, atatoka Mbarara Ijumaa kuja kuchagua. Tunaoshindana ni mimi, niliyefundisha sekondari Burundi (karibu mwaka mzima!), na jirani yangu mama Cansilde, muuza karanga. Yonatani anataka watoto wajifunze kuhesabu kwa kucheza. Kucheza! Basi, kazi ni kazi.

Jumanne, 12 Machi
Nimewakusanya watoto uwanja wa kanisa, nikawagawia maharage makavu wahesabu. Binti wa mama mmoja, Apolline, akaingiza moja puani. Pikipiki hadi zahanati ya Base Camp, Apolline nyuma akinisema njia nzima. Nesi akalitoa. Apolline akaniuliza: "Mwalimu, mu pua munahesabikaka nini?"

Jumatano, 13 Machi
Nimekwenda kupeleleza kwa Cansilde. Watoto wake wanacheza duka kwa vizibo vya soda. Mteja anaonyesha vidole, muuzaji anampa vizibo vya kulingana. Akikosea, wenzake wanamcheka, anahesabu upya. Cansilde mwenyewe kakaa chini, analalamika kwamba kapunjwa. Ubao hakuna. Fimbo hakuna. Fujo tupu! Kaniona, kanikaribisha. Nikasema namtafuta kuku wangu. Akauliza kuku yupi, maana sifugi kuku.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepata! Kuhesabu kunataka miezi, ishara zinataka asubuhi moja. Nikishika sikio, watoto waseme mbili. Nikishika pua, tatu. Nikikuna kichwa, tano. Tumerudia mpaka jua la utosi. Hakuna aliyekosea. Nimewapa muwa.

Ijumaa, 15 Machi
Yonatani alifika, akainua maparachichi mawili, akauliza ni ngapi. Nikashika sikio. "Mbili!" Akafurahi sana. Nikaona kazi ni yangu.
Kumbe nimesimama juu ya siafu. Walipanda miguu, mgongo, mpaka kwenye nywele. Nikakuna kichwa. Wakati huohuo Yonatani akamuuliza mmoja: "Wewe iko na kichwa ngapi?"
"Tano!" Darasa zima, kwa nguvu, macho yote kwangu.
"Na mama yako iko ngapi?"
Siafu hawana huruma. "Tano!"
Yonatani akanigeukia. "Mwalimu, kichwa nauma wewe?"
Tukahamia kwa Cansilde. Akamtuma Munezero, katoto kadogo kabisa, alete vikombe vya uji. Kalipita kakigusa magoti ya kila mtu, midomo ikinong'ona. Kalirudi na vikombe, kila mmoja na chake, hata mimi niliyejificha nyuma ya mlango. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Uji ulikuwa mtamu. Sikuusifu.

Jumatatu, 18 Machi
Kazi kapewa Cansilde. Kaniita nimsaidie, eti watoto wananipenda. Nilikaa chini, nikauziwa vizibo, nikapunjwa waziwazi. Nikalalamika, wakahesabu upya, wakanirudishia haki yangu. Nilicheka, sikatai. Lakini mtu wa sekondari chini ya muuza karanga? Haiwezekani. Nimekataa kwa heshima.
Kesho alfajiri nakwenda Endiinzi. Wafugaji wa kule wana ng'ombe wengi mno. Lazima wanahitaji mtaalamu wa kuwafundisha kuhesabu. Ng'ombe mimi siwajui. Lakini nao hawanijui.