Matembezi ya Vilimani na Kopo la Rangi Nyekundu

Jumapili, 9 Juni

Komandoo amerudi tena kutoka vilimani. Yeye, mkewe, watoto wanne na mbwa, wote wamejaa vumbi na furaha. Si komandoo wa kweli. Ni jirani yetu, fundi bomba, ila ana viatu vya kupandia milima na kofia yenye kamba ya kidevuni. Mke wangu alisimama dirishani akiwatazama mpaka wakaingia kwao. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kuna wanaume wanaotoka na familia zao. Mimi nilikuwa kwenye kochi. Nilijifanya nimelala.

Heri ningeendelea kulala! Binti yangu, miaka minane, mtoto wangu wa pekee, akaja akaniuliza kama navijua vile vilima. Sijui nini kilinipata. Nikamwambia navijua nje ndani, nimevitembea utoto wangu wote, kila kijito, kila kijiji. Uongo mtupu. Mimi nauza magodoro. Vilima naviona kutoka mlangoni mwa duka wakati hakuna mteja, na wakati hakuna mteja huwa nimejinyoosha juu ya bidhaa.

Lakini macho yake! Hajawahi kunitazama hivyo. Basi nikaongeza kwamba Jumamosi nitaongoza matembezi ya familia, na mtaa mzima unakaribishwa. Kabla sijameza mate alishatoka kwenda kutangaza. Kufikia jioni fundi cherehani amekubali, na shemeji yangu na wanawe. Komandoo naye kasema atakuja, akajifunze. Alisema hivyo meno yote nje.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia bosi jino linaniuma. Nimekwenda vilimani na kopo la rangi nyekundu lililobaki tulipopaka kibao cha duka. Mpango wenyewe ni wa akili sana. Leo naitafuta njia na kuweka alama kila penye njia panda. Jumamosi napita kama mtu aliyezaliwa huko. Mshale nimeukataa, Komandoo angeutambua mara moja. Nimechagua X. X haimwambii mtu kitu.

Penye jiwe nimepaka jiwe. Kule kijijini mawe hakuna, nimepaka kona za nyumba. Watu walikuwa mashambani, kuku mmoja tu ndiye aliyeniona. Mwanzoni nilipaka X ndogo za adabu. Jua lilipopanda na miguu ikaanza kunilalamikia, nikapaka kubwa kubwa zionekane toka mbali. Ukuta wa mashine ya kusaga umepata X ya kimo changu. Imependeza.

Nimerudi nachechemea. Mke wangu kauliza jino gani hilo linalomfanya mtu achechemee. Nimesema mishipa yote imeungana.

Jumatano, 12 Juni

Mapaja yamekufa. Ngazi za duka nimeshuka kinyumenyume, nimeshika ukuta, mbele ya wateja.

Binti kamwambia mwalimu wake. Mwalimu naye anakuja! Halafu kanichora. Nimesimama juu ya kilima, na mimi ni mkubwa kuliko kilima. Picha kaibandika kwenye mlango wa friji. Kila nikienda kunywa maji nakutana na yule baba. Nimepunguza kunywa maji.

Alhamisi, 13 Juni

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Mama mmoja wa makamo kaingia dukani, anatoka vilimani. Hakutaka kununua. Aliuliza kama tunanunua magodoro yaliyotumika, maana wanahamishwa. Nikauliza nani anawahamisha. Akasema barabara kubwa inapita kijijini kwao. Wapimaji walikuja Jumanne kimyakimya, watu wakiwa shambani, wakaacha X nyekundu ukutani.

Nilikaa kwenye godoro la maonyesho. Nailoni yake ikalia kwa sauti ya aibu.

Hivi mimi ni mtu mzima kweli? Mwaka jana nyumba zote za nyuma ya soko zilipakwa X nyekundu, tingatinga likaja, nami nikasimama pale na umati nikitazama. Tena nilisema kwa sauti, kama mjuzi, kwamba X nyekundu haina msamaha. Leo mimi huyohuyo ndiye niliyeona kwamba X haimwambii mtu kitu!

Nilipaswa kusema palepale. Mama, ni mimi, hakuna barabara. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba godoro la futi tatu limeshuka bei. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni na mpaka sasa haijashuka.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango mpya: nikazifute kabla ya kesho. Jino likauma tena. Nimebeba mafuta ya taa na tambara kuukuu.

Nilianza na nyumba ya bibi mmoja mjane, ya kwanza ukiingia kijijini. Nilisugua mpaka bega likapiga kelele. X haikutoka, ilitapakaa tu, ikawa kama ukuta umechinjiwa mbuzi. Bibi akatokea nyuma yangu na jembe. Akauliza mimi ni nani. Hapo tena ningesema. Mdomo huu utaniponza! Nikasema natoka ofisini.

Jembe likashuka. Kikaletwa kiti. Yakaletwa maji ya kunywa. Uani kukajaa watu, wananiita mheshimiwa, wananisihi niwatazame kwa jicho la huruma. Hakuna aliyewahi kuniita mheshimiwa. Hata mpiga debe wa kituoni huniita wewe. Nikajikuta natikisa kichwa taratibu, kama wanavyofanya wakubwa, nikasema suala lao linashughulikiwa. Suala gani, na linashughulikiwa na nani, Mungu ndiye ajuaye.

Bibi akanishika mikono yote miwili. Akasema watoto wake wote kawazalia kwenye nyumba ile na mumewe kafia humo. Akanipa mayai kwenye mfuko. Nikakataa. Akasukuma. Nikayapokea, kwa kuwa niliona afisa asiyepokea kitu wangemtilia shaka.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma tena. Ndiyo, mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Nyumbani mke wangu kayafurahia mayai, kayachemsha yote kwa ajili ya kesho. Nimekwenda kwa Komandoo kumwomba aongoze yeye, nikasingizia jino. Kasema hawezi kuninyang'anya heshima yangu. Binti kalala na viatu miguuni.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike upesi, kabla sijaanza kujitetea.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno! Asubuhi ya ubaridi, nyasi zina umande, vilima vimepandana kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yanachoka. Watoto walijibingirisha mteremkoni wakipiga mayowe. Mwalimu alivua viatu akavuka kijito. Fundi cherehani aliimba, na shemeji yangu, ambaye hajanisifu tangu siku ya mahari, alisema kumbe nina faida. Kila penye njia panda nilikuwa nasimama, nakunja uso, nanusa upepo, naikonyeza X yangu kwa pembe ya jicho, kisha naonyesha kwa kidole. Komandoo alinifuata kama wengine. Binti alinishika mkono njia nzima, anawaambia wenzake wasimpite baba, baba ndiye anayejua.

Nilikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba kijiji tungekipita haraka, watu wakiwa mashambani. Hakuna aliyekwenda shambani. Nani alime shamba analohamishwa? Vitanda vilikuwa nje. Makabati nje. Mashine ya kusaga imefunguliwa vipande vipande juu ya mkokoteni. Na nyumba ya bibi haina paa. Mabati yameegemezwa kwenye mti, na yeye ameketi ndani ya kuta zake, jua linampiga utosini.

Akaniona. Akainuka, akawaambia wenzake kwamba wageni wamefika, yule ndiye mheshimiwa, amekuja na wakubwa wake. Kijiji kizima kikatuzunguka. Wengine walimsalimia Komandoo kwa kuinama, kwa sababu ya kofia.

Binti yangu akacheka. Akawaambia kwa fahari kwamba baba si mheshimiwa, baba anauza magodoro, na vilima hivi anavijua vyote. Bibi hakumwelewa. Alikuwa ananiuliza mimi, polepole, kama mayai yalifika ofisini.

Mke wangu akakitazama kikapu chake. Kisha akanitazama mimi. Miaka kumi na miwili tumeoana na sikuwahi kuona uso ule. Nikaomba ardhi ipasuke, haikupasuka.

Basi nikasema. Nilisema nikiangalia vidole vya miguu yangu. Hakuna barabara. Hakuna ofisi. X zote ni zangu, nilizipaka nisipotee, nisipotee ili nionekane najua. Kwanza mtu mmoja akacheka, wakacheka wengi, wanaume wakapigana mabegani kwa furaha ya kutohamishwa. Bibi hakucheka. Alisema tu kwamba mabati yale aliyashusha na wajukuu zake, na hawana wa kuyapandisha. Mke wangu akamrudishia mayai yake, yameshachemshwa. Nadhani hapo ndipo nilipofika chini kabisa.

Hapana, nimekosea. Chini kabisa ni pale binti yangu alipouachia mkono wangu. Hakuutupa. Aliuachia taratibu, akaenda akasimama na watoto wa Komandoo.

Komandoo hata hakutabasamu, na laiti angetabasamu! Aliwapanga watoto mstari, akaturudisha nyumbani kwa njia fupi iliyopita kando ya kijiji. Mimi nilikuwa wa mwisho, pamoja na mbwa. Nilipofika nyumbani, mlango wa friji ulikuwa mtupu.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi vilimani na ndoo, brashi ya chuma, na kemikali ya kuondolea rangi. Mke wangu kaniagiza nisirudi mpaka X ya mwisho itoke. Binti kaniandama. Sikumwita. Alitembea nyuma yangu bila neno, na nikisimama, naye anasimama.

Nimesugua nyumba baada ya nyumba. Watu waliketi kwenye viti vyao kunitazama, wameshaniita Mheshimiwa Brashi, na naona jina hilo litadumu kuliko rangi. Kila mlango niliomba radhi. Nilidhani ukirudia sana inakuwa nyepesi. Haiwi. Nimejiapiza kila penye X, kwa moyo wangu wote, kwamba sitamdanganya mtu tena. Kwenye ukuta wa mashine ya kusaga binti alichukua tambara, akaanza kusugua upande wa chini, usiofikiwa na mkono wangu bila kuinama. Nilitaka kulia, nikasingizia kemikali.

Kwa bibi tulimaliza jioni. Alitupa maji. Akatazama juu, mahali palipokuwa na paa, na mimi nikatazama. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa pili wa kilima. Akasema fundi wa kuezeka ana kazi mbali na hatapatikana karibuni. Akauliza, si kwa ubaya, sasa nani atampandishia mabati yake.

Binti aligeuka akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana, alinitazama.

Nikasema mimi. Nikasema nimeezeka nyumba nyingi sana ujanani.

Sijawahi kupanda juu ya paa. Hata balbu za nyumbani hubadilisha mke wangu.

Lakini binti alinishika mkono njia nzima ya kurudi. Kauliza kama ni kweli. Nimemwambia bado yapo mengi asiyoyajua juu ya baba yake. Jumamosi anakuja kutazama, na kawaalika watoto wa Komandoo. Kesho dukani nitamdodosa mteja mmoja kijanja, mabati huanza kupigwa upande wa juu au upande wa chini. Haiwezi kuwa kazi ngumu. Mtu anayejua kutandika godoro, bati litamshinda nini?